Chumvi Niliyomtegea Mbuzi

Wewe unayenisikiliza, najua unataka kuniuliza kama siku ile nilikuwa nimekunywa. Kila mtu huniuliza hivyo, kwa hiyo nakujibu mapema ili tuendelee vizuri. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na jua lilikuwa halijazama lote. Nilikuwa na jembe mkononi na shimo la nguzo mbele yangu, na niliona kama ninavyokuona wewe hapo ulipokaa. Ukiniamini, vizuri. Usiponiamini, nivumilie mpaka mwisho, kisha nitakuonyesha sikio la mbuzi, nawe utaamua mwenyewe.

Twende polepole, maana jambo hili halieleweki likisimuliwa mbio.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vikuu vya pili, serikali ilipofungua ardhi ya Makueni. Kabla ya hapo nchi ile ilikuwa pori tupu la miiba na mbung'o, na mtu aliyepeleka ng'ombe huko alirudi na ngozi. Basi pori likafyekwa, mbung'o wakapungua, na watu wakaanza kugawiwa mashamba. Sisi tulikuwa watu wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, lakini mjomba wangu Nzioka alikuwa ametangulia kuhamia upande ule, na kwa kupitia kwake jina langu likaandikwa. Nilipewa shamba la mteremko. Vigingi viwili vilikuwa juu, karibu na migunga, na viwili chini, kwenye ukingo wa mto wa mchanga. Karani aliyenionyesha vigingi aliniambia neno moja tu: nyumba iwe imesimama kabla ya mvua, la sivyo shamba atapewa mwingine.

Hapo nilikuwa na mke, Nduku, na Nduku alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nataka uelewe jambo hili kabla hatujafika kwa mbuzi, kwa sababu ndilo lililonifanya nifanye nilichofanya. Mimba hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilitoka kule Kitui, siku Nduku alipoteleza akipanda kilima na kibuyu cha maji mgongoni, ukanda ukiwa umembana kipajini. Alianguka mara moja tu. Hakulia mbele za watu, na sikuwahi kumsikia akilaumu kilima. Lakini mimi nililaumu kilima kila siku. Niliapa kwamba mke wangu hatapanda tena kilima chochote na maji mgongoni. Kwa hiyo nilipoona mto wa mchanga chini ya shamba langu, mahali ambapo unachimba kwa mikono na maji matamu yanajaa, nilijua nyumba yangu itakaa wapi. Itakaa chini kabisa, pale penye tambarare laini, hatua thelathini kutoka kwenye maji.

Tatizo lilikuwa Susu.

Susu ni nyanya kwa lugha yetu ya Kikamba. Huyu alikuwa mama wa baba yangu, mwanamke mdogo kama kuku wa kienyeji, mnusaji wa ugoro, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji chetu. Kwetu nyanya humtania mjukuu wake wa kiume kwamba ni mume wake, na Susu hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Na mke wangu Nduku, Susu alimwita mke mwenzake. Tulipofunga mizigo ya kuhamia Makueni, tulimwambia abaki apumzike. Akauliza, "Nikibaki, nani atamzalisha mke mwenzangu? Wewe, mume wangu, unayezimia ukiona kuku akichinjwa?" Akaja. Na akaja na mbuzi wake, Mbiti.

Mbiti maana yake ni fisi. Susu alimpa mbuzi jina hilo makusudi, ili fisi wakimsikia akiitwa wadhani ni ndugu yao wamwache. Usicheke. Mbuzi yule alizeeka zizini mwetu bila kuguswa.

Sasa nikueleze desturi yenyewe. Katika ukoo wetu mtu hajengi mahali alipopapenda yeye. Anajenga mahali mbuzi alipopapenda. Unamchukua mbuzi jike aliyezaa na hajapoteza mtoto, unampeleka kwenye ardhi mpya jua likiwa utosini, unamfungua kamba. Kisha unakaa mbali, kimya. Humwiti, humfukuzi, humpi kitu mkononi. Atakula, atazunguka, na vivuli vikianza kurefuka atalala mahali. Watu wengi wakiona amelala hukimbia na jiwe la alama, na hapo ndipo hukosea. Kulala peke yake si jibu. Unatazama mdomo. Mbuzi akilala na kucheua, yaani kutafuna tena alichokwisha kumeza, ametulia, ardhi imemkubali. Akilala bila kucheua, huyo hajapumzika. Anasikiliza kitu ambacho wewe hukisikii. Mahali hapo paache.

Siku ya kwanza Mbiti alipanda moja kwa moja mpaka nusu ya mteremko, chini kidogo ya migunga, akalala, akacheua. Nikasema labda amefuata kivuli. Siku ya pili hali ikawa ileile. Siku ya tatu nilimshusha mwenyewe mpaka tambarare ya chini. Akanusa mchanga, akapiga chafya, akapanda juu tena bila hata kunitazama.

"Basi," Susu akasema. "Amesema mara tatu. Hata kiziwi amesikia."

Mimi nilipiga hesabu ya hatua kutoka pale juu mpaka majini. Zilikuwa mia mbili na kitu, na za kurudi zote ni za kupanda. Nikamwona Nduku akianguka. Usiku ule sikulala vizuri. Alfajiri, kabla ya mtu kuamka, nilikwenda kwenye ukingo wa mto nikakwangua ule udongo wenye chumvi ambao mifugo huupenda. Nikajaza kikapu. Nikaumwaga kwenye tambarare yangu, nikauchanganya na mchanga, nikafunika kwa majani.

Ndiyo. Nilimtegea mbuzi chumvi. Nilimhonga shahidi.

Mchana ule Susu alimfungua Mbiti mara ya nne, kwa kuwa nilimwomba sana. Mbuzi akasimama, akainua pua, akateremka kama aliyeitwa kwa jina. Alilamba mpaka magoti yakamkunjika, kisha akalala palepale. Nduku alipiga makofi kwa furaha, maskini, kwa sababu aliona ninavyotabasamu. Susu alijikongoja mpaka pale, akachuchumaa mbele ya mbuzi, akamtazama mdomo kwa muda mrefu.

"Hacheui," akasema.

"Amechoka, Susu."

"Mbuzi aliyechoka ndiye anayecheua, mume wangu." Akanipa jiwe. "Lakini nyumba ni yako. Weka."

Nikaweka. Jioni ile, kwa mjomba Nzioka tulikokuwa tumefikia, Mbiti alikunywa maji mpaka Nzioka akauliza kama tunafuga mbuzi au ngamia. Susu alimtazama mbuzi akinywa, akanusa ugoro wake. Mimi nilitazama pembeni.

Nilianza kuchimba mashimo ya nguzo. Kazi ilikuwa ndefu, maana ilibidi kwanza nikakate miti mbali, na wiki zikapita. Nduku akaingia mwezi wa nane, miguu ikaanza kuvimba. Kila nilipoiona miguu ile nilijipongeza.

Sasa tumefika.

Ilikuwa jioni, jua limeshika vilima. Nilikuwa peke yangu. Mbiti alikuwa amefungwa kwenye kichaka karibu yangu, kwa sababu desturi inataka mbuzi awe na mjenzi mpaka nguzo ya kwanza isimame. Nilikuwa nimefika kina cha goti katika shimo la nguzo ya katikati. Nikainua kichwa kufuta jasho, nikamwona mzee anakuja akifuata mto, na mbele yake mbuzi kama kumi na watano.

Alikuwa mzee mfupi, mwenye miguu myembamba iliyonyooka. Alifunga blanketi kuukuu kwenye bega moja, na kwenye bega la pili kilining'inia kigoda cha miguu mitatu kwa mkufu wa shaba, kama wazee wa zamani walivyobeba wakienda barazani. Mbuzi wake walikuwa wa rangi ya majivu, wote, na kila mmoja alikuwa na pengo kwenye sikio la kushoto, pengo la mviringo kama la ukucha wa kidole gumba. Nilijua ni alama ya ukoo, ingawa sikuwahi kuiona. Jambo moja sikuligundua wakati ule, ila baadaye: wale mbuzi walipita juu ya majani makavu na hapakuwa na sauti. Umewahi kusikia mbuzi kumi na watano wanapita kimya?

"Wakya," mzee akanisalimu.

"Aa," nikaitika, kama kijana anavyomwitika mkubwa.

Akashusha kigoda, akakaa upande wa pili wa shimo langu. Hakuwa na haraka. Akauliza kama nina ugoro. Nilikuwa na kipembe cha Susu, alichonituma nimjazie ugoro aliousaga mwenyewe mchana ule, nikamtilia kidogo kiganjani. Akaunusa, akafumba macho.

"Huu umesagwa na mwanamke," akasema.

"Ni nyanya yangu."

"Mwambie mkono wake ni mzuri." Kisha akatazama shimo. "Nyumba unamjengea nani?"

"Mke wangu, mzee."

"Ana mzigo?"

"Wa mwezi wa nane."

"Na maji yako karibu."

"Ndiyo maana nikachagua hapa."

"Ndiyo maana," akarudia polepole, kama mtu anayeonja chakula alichokula zamani. "Na mbuzi alilala hapa?"

"Alilala."

"Alilala, au alilamba?"

Nilishika jembe kama kwamba kuna kazi ya haraka ndani ya shimo. Yeye akangoja. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu sokoni, "Ulitia ya mtoni au ya dukani?"

Ungejibu nini? Mimi nilijibu, "Ya mtoni."

Mzee akacheka. Si kicheko cha dhihaka, niamini. Alicheka mpaka mkufu wa kigoda ukalia, na huo ndio mlio pekee niliousikia tangu alipofika. "Mimi pia nilitia ya mtoni," akasema. "Wakati wangu hakukuwa na duka."

Akaniambia kwamba aliishi pale kabla ya mbung'o kufunga nchi. Alikuwa na mke mmoja, na mke alikuwa na mimba. Mbuzi wake walimkataza tambarare hii, na yeye akawatilia chumvi, kwa sababu kama ile niliyokuwa nayo mimi.

"Miguu yake ilikuwa imevimba," akasema. "Nikasema, huyu asitembee mbali. Na kweli hakutembea mbali. Mto ulimfuata nyumbani."

Nilitazama ule mto. Ulikuwa mchanga mkavu, mweupe, na nyayo za punda. Nikataka kumwambia kwamba mto huu ni mdogo, kwamba maji yake ni ya kuchimba kwa mikono. Nadhani alilisoma usoni mwangu.

"Tazama," akasema, na akapiga ulimi kama mchungaji.

Mbuzi wake wakageuka, wakapanda mteremko. Walipofika nusu wakaacha kupanda, wakatandazika, na mmoja baada ya mwingine wakalala. Walilala katika mstari mmoja, kutoka upande wa shamba langu mpaka upande wa pili, kama shanga zilizotungwa, nyuso zote zikielekea mtoni. Kisha wakaanza kucheua. Mbiti aliyekuwa kimya muda wote akavuta kamba, kamba ikafunguka, akapanda akalala katikati yao, mahali palepale alipopachagua mara tatu.

"Chini ya mstari huo wa mbuzi usilaze mtoto," mzee akasema. "Na chimba mkono mmoja zaidi hapo ulipo. Utayakuta mafiga yangu. Yatoe, uyapeleke juu. Yamekaa muda mrefu bila moto."

Niliinama kutazama ndani ya shimo. Ni kuinama tu, kama unavyotazama kisimani. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mzee, wala kigoda, wala mbuzi hata mmoja isipokuwa Mbiti, aliyelala kule juu akisaga taya. Na mahali alipokuwa amekaa mzee, juu ya mchanga, palikuwa na ugoro wangu. Ule ule niliomtilia kiganjani, kilima kidogo kizima, kama kwamba ulipita ndani ya mkono usiokuwepo.

Hofu ilinishika hapo, si kabla. Nilitupa jembe nikapanda kumchukua mbuzi tukimbie. Mbiti akakataa kusimama. Nilimvuta pembe, nikamsukuma, nikamwomba. Alikuwa anacheua, na mbuzi anayecheua hana haraka na mtu. Ikabidi nikae chini kando yake nimngoje amalize. Labda ndicho kilichoniponya. Nilipokuwa nimekaa pale, bega langu kwenye ubavu wake wenye joto, nikaona kwamba sina hofu na yule mzee. Nilikuwa na hofu na nafsi yangu.

Nilifika kwa Nzioka giza likiingia. Nikawaambia yote, chumvi kwanza. Nzioka alicheka kidogo, kisha akaacha. Nduku hakucheka.

"Ulimwaga chumvi kwa ajili ya miguu yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Na miguu yenyewe hukuiuliza." Alikuwa amekaa ameinyoosha mbele yake kwenye mkeka. "Kule Kitui sikuanguka kwa sababu ya kilima. Nilianguka kwa sababu ukanda ulikatika. Ukanda, si kilima. Ungeniuliza ningekuambia. Ungenishonea ukanda mpya, mambo yakaisha."

Miaka miwili nilikuwa nimelaumu kilima. Sikujua nitie uso wangu wapi.

Susu aliuliza swali moja tu, kuhusu masikio ya mbuzi. Nilimchorea lile pengo kwenye vumbi. Akalitazama, akalifuta kwa kiganja taratibu, kama anayemfunika mtoto nguo. "Nilipokuwa msichana watu wenye alama hiyo waliletwa kwetu," akasema. "Walikuwa watatu, wakiwa na njaa. Walisema wengine mto uliwachukua usiku."

"Susu, ulijua kuhusu chumvi?"

"Mbuzi alikunywa maji ya siku tatu. Nilijua kabla hajamaliza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungesema ni maneno ya kikongwe. Nikakungoja useme mwenyewe. Lakini siku ya kusimamisha nguzo, mume wangu, ningekuja kulala ndani ya hilo shimo, na ungenizika humo au ungehama."

Asubuhi tulikwenda wote. Nzioka alichimba, maana mikono yangu ilikataa. Kwa kina cha mkono mmoja chini ya pale nilipoachia, jembe likagonga. Tulitoa mafiga matatu, makubwa, laini kwa kutumika, na masizi bado yamo upande wa ndani. Juu yake ulikuwa mchanga wa mto mtupu. Nzioka alivua kofia.

Tuliyabeba mpaka juu na tukajenga pale Mbiti alipolala, sisi, Nzioka na majirani wawili waliokuja kutusaidia. Siku tisa tu, nyumba ikasimama. Nduku aliwasha moto wa kwanza kwenye mafiga yale. Nami nilishona ukanda mpya wa ngozi ya ng'ombe, wa mikunjo miwili, na nikautumia mimi mwenyewe kuteka maji mbele ya wanaume walionicheka.

Mvua ilipokuja haikuja kwetu kwanza. Ilikuwa mchana, mbingu juu yetu safi kabisa, ila upande wa vilima vya mbali palikuwa peusi. Nduku alikuwa ndani na Susu tangu asubuhi, uchungu umemshika. Mimi nilikuwa nje, kwa sababu ile ya kuzimia nikiona damu. Nikasikia mngurumo, nikadhani ni malori. Kisha mto ukatokea kwenye kona ukiwa umesimama wima, ukuta wa maji mekundu yenye miti mizima ndani yake. Ulifunika ukingo. Ukafunika tambarare yangu, na yale mashimo, na jiwe langu la alama. Ukaanza kupanda mteremko.

Ndani, Susu alisikia. Nyumba ilikuwa mpya, na mwanamke aliye katika hali ile huwezi kumbeba bila kumhatarisha. Uwe na hakika alilifikiria hilo kabla ya kufungua kinywa.

"Mume wangu," akaita kwa sauti yake ya kila siku. "Mbiti yuko wapi?"

Mbiti alikuwa hatua chache chini ya mlango, kwenye ule mstari waliolala mbuzi wa mzee. "Yuko hapa mbele yangu."

"Amesimama?"

Maji yalikuwa yanapanda. Yalibeba povu na matawi, yalikuwa yamefika urefu wa fimbo kutoka kwenye kwato zake. Nikamtazama.

"Amelala, Susu."

"Tazama mdomo."

Nilitazama. Sijawahi kutazama kitu maishani kama nilivyotazama mdomo wa mbuzi yule. Taya la chini likaenda kushoto. Likarudi.

"Anacheua," nikasema.

"Basi niache nifanye kazi yangu."

Maji yalifika mkono mmoja kutoka kwa mbuzi, yakasimama hapo, yakitetemeka, muda wa kupika ugali. Kisha yakaanza kurudi. Mbiti hakuinuka. Na nilipokuwa bado nimepiga magoti pale matopeni nikisema naye maneno nisiyoyakumbuka, nikasikia mtoto analia ndani.

Ni binti. Tukamwita Mumbua, mtoto wa mvua. Sasa ana watoto wake, na ukienda kwake atakupikia juu ya mafiga yale matatu, maana aliyaomba alipoolewa na mama yake akampa.

Nilikuahidi sikio. Miezi mitano baada ya jioni ile ya mzee, Mbiti alizaa. Nzioka akauliza baba ni nani, kwa sababu pale kwetu hakukuwa na beberu hata mmoja wakati ule. Mtoto alikuwa wa rangi ya majivu, na kwenye sikio lake la kushoto, ambalo hakuna kisu kilichokuwa kimeligusa, palikuwa na pengo la mviringo kama la ukucha wa kidole gumba. Susu alilipapasa, akasema, "Amelipa ugoro wangu." Ukoo wa mbuzi yule haujakatika. Wote huzaliwa hivyo. Wale pale, nenda kashike sikio lolote, wewe mwenyewe.

Mimi ni mtu wa kanisa, na mchungaji wetu ameniuliza kwa nini kila mwaka kabla ya mvua nashuka mtoni na kuacha ugoro kidogo kwenye tambarare. Nilimwambia simwabudu mtu. Namsalimu jirani. Sijamwona tena, na simwogopi. Huwa namweleza habari za Mumbua, kwamba hajambo, na kwamba mafiga yana moto.

Ninachokuomba ujihadhari nacho ni chumvi. Mnyama hana sababu ya kukudanganya. Lakini ukimtegea chumvi atakurudishia uongo wako mwenyewe, nawe utajenga nyumba juu ya uongo huo na kumlaza mtoto ndani yake. Na mara nyingi chumvi hiyo hutiwa na mtu mwenye upendo, ndiyo sababu nakusimulia.

Kwa hiyo siku utakapotaka kujenga, kwanza muulize utakayemjengea anataka nini. Kisha mfungue mbuzi saa sita mchana, kaa mbali, funga mdomo. Akilala, usikimbie na jiwe. Sogea polepole umtazame taya. Likienda kushoto na kurudi, weka jiwe hapo. Lisipokwenda, chukua jiwe lako urudi kesho.